Kilima cha Nyuma ya Boma

Ndugu msomaji, usidhani kilima ninachokusimulia ni mlima wa kupandwa kwa kamba. Ni kilima kidogo tu nyuma ya boma la baba, kule Ruiri, Meru.

Agosti iliyopita nilikwenda huko na kijana wangu wa sekondari. Mfukoni nilikuwa na barua ya karo, na moyoni ombi: mzee auze nusu ekari. Nilipanga kulitoa tukinywa chai, lakini kabla haijamiminwa baba alichukua bakora yake akasema, "Twende huko juu kwanza."

Tulipita kati ya mahindi na maharagwe. Mawe ya njiani ni meusi, yenye vitundu vitundu. Kijana akauliza kama ni chokaa, kama yale mawe ya matumbawe aliyoyaona katika kuta za Fort Jesus, Mombasa. "Haya yalitoka motoni," babu yake akamjibu. Alisema kweli. Mlima Kenya na safu ya Nyambene zote ni kazi ya volkeno.

Mzee alipumzika mara tatu. Nilipokuwa mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nikimwomba aningoje.

Ukifika juu, upande wa kusini magharibi ni Mlima Kenya, wenye kilele cha mita 5,199, ingawa siku hiyo ulijifunika mawingu. Mashariki ni Nyambene. Kaskazini nchi inateremka ikizidi kukauka, hadi Isiolo. Lakini baba hakutazama huko. Alielekeza bakora chini, akamwonyesha mjukuu mipaka: mti ule, mtaro ule, kaburi la nyanya yako pale.

"Na pale penye viazi?" kijana akauliza. Ilikuwa ile nusu ekari yangu.

"Pale ni pa baba yako. Baadaye patakuwa pako."

Wewe wajua kwamba shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi. Kule juu hapakuwa na bodi, ila mzee na mtoto tu, na mdomo wangu ukakataa kufunguka.

Tuliteremka polepole, kijana amemshika babu yake mkono. Chai ilikuwa imepoa. Karo nililipa kwa mkopo wa chama cha akiba, ambao ninakatwa kwenye mshahara hadi leo, na mama watoto bado ananiuliza kwa nini sikusema neno.