Sifuri Iliyonichekesha Darasa Zima

Leo nina kisa cha neno moja la Kiingereza: cipher.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, mhadhiri alituuliza maana yake. Nilikuwa nimeliangalia usiku uliotangulia katika kamusi kuukuu, na maana ya kwanza niliyoikuta ilikuwa sifuri. Nikanyoosha mkono, nikajibu hivyo. Darasa zima likaangua kicheko. Jibu lililotakiwa lilikuwa njia ya kuandika ujumbe kwa siri. Muhula ule sikunyoosha mkono tena.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Makadara, nimekaa barazani na kompyuta, naandika programu ndogo ya kuficha maneno. Ni ile mbinu ya Julius Caesar: kila herufi inasogea hatua tatu mbele, hivyo MAKADARA inakuwa PDNDGDUD. Kando yangu mpwa wangu alikuwa akidurusu hesabu za madrasa kwa sauti: sifr, wahid, ithnan...

"Hebu rudia la kwanza."

"Sifr. Si ndiyo sifuri, mjomba?"

Usiku ule nikalifuatilia. Wahindi waliiita shunya, yaani tupu, na Waarabu wakaifasiri sifr. Mwaka 1202 Fibonacci wa Pisa aliandika zephirum katika kitabu chake Liber Abaci, na huko Italia likafupika kuwa zero. Kwa njia nyingine sifr ikawa cifra kwa Kilatini, ikapita Ufaransa, ikafika Uingereza kama cipher, na maana yake ilikuwa sifuri. Baadaye likawa tarakimu yoyote. Kwa kuwa watu waliandika siri zao kwa tarakimu badala ya herufi, likawa jina la maandishi ya siri. Sisi Waswahili tulilipata kwa Waarabu wenyewe.

Kumbe zero, cipher na sifuri ni ndugu wa tumbo moja. Kamusi yangu haikukosea. Kicheko kilishapita, kinachoniuma ni muhula mzima niliokaa kimya kwa sababu ya neno ninalohesabia tangu utotoni.

Asubuhi nilimwonyesha mpwa wangu ile programu. Akafuta tatu, akaandika sifuri. MAKADARA ikatoka MAKADARA.

"Mjomba, mbona haijaficha kitu?"

Nikamwambia hilo ni swali zuri, akaulize na shuleni.