Jua la Juni liko kaskazini

Komanda, Jumapili 4 Juni 2023
Binti wa dada yangu amefika jana kutoka Bunia, kilomita 75 za vumbi juu ya pikipiki. Usiku, tukichambua sombe, amenieleza kwamba anafuata dini ya Wapagani wa Ulaya na kwamba yeye ni mchawi. Ana mshumaa, bakuli la maji, jiwe na unyoya: moto, maji, ardhi, hewa. Sikumkemea. Nimemwomba tu neno hilo lisitoke nje ya ua. Mwaka 2001 kule Aru, mkoa huuhuu wa Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa kudaiwa ni wachawi. Wengi waliwajua waliowaua.

Jumatano 7 Juni
“Mama mdogo, si uchawi wa kuroga,” amesisitiza. Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951. Mwaka 1954 Gerald Gardner akatoa kitabu, na dini ya Wicca ikatoka mafichoni. Wanachora duara: hewa mashariki, moto kusini, maji magharibi, ardhi kaskazini.
Kwa nini moto kusini? Kwa sababu Uingereza jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Leo saa sita nimemtoa uani atazame kivuli chake. Kimeelekea kusini. Sisi tuko karibu na ikweta, juu yake kidogo; Juni jua hutupita upande wa kaskazini, Desemba hurudi kusini. Amekaa kimya muda mrefu, kisha akausogeza mshumaa.

Alhamisi 15 Juni
Soko limejaa asali. Koko, Mmbuti wa msituni anayeniuzia majani ya mangungu, ameleta chupa tatu. Mpwa wangu amemwuliza wanafanyaje mvua isiharibu safari ya asali. Wanachoma majani fulani ili moshi upae juu. Ya mti gani? Koko amecheka, akahesabu pesa zake.
Usiku tumesoma fotokopi za kitabu cha Colin Turnbull, Mwingereza aliyefika Epulu kwa mara ya kwanza mwaka uleule wa 1951. Ameeleza ibada ya molimo: watu wakiugua au mawindo yakikosekana, Wambuti husema msitu umelala, na wanaume huuimbia usiku hadi uamke. Tarumbeta ya molimo hunyweshwa maji kila kijito, hupitishwa motoni, na pumzi ya mtu huipa sauti. Ile aliyoiona ilikuwa bomba la chuma, limechukuliwa kwa watengeneza barabara. Alishangaa. Wenyewe walijali inavyolia.
Mpwa ameguswa na bomba. Mimi nimeguswa na kuni: moto wa molimo hukusanywa kila kibanda, chakula vilevile. Asiyetoa amejitenga na kambi.

Jumatano 21 Juni
Leo alitaka sikukuu ya siku ndefu kuliko zote. Nimemwonyesha saa: jua limechomoza na kuzama karibu kama wiki iliyopita, na karibu kama litakavyofanya Desemba. Hapa mwaka hugeuka kwa asali, kwa kumbikumbi, kwa mvua kukatika. “Basi nisherehekee nini?” Nikamjibu: kilichopo sokoni.

Ijumaa 23 Juni
Nimefikiri sana juu ya mpwa wangu. Simcheki. Mtoto aliyekulia mjini, akakimbia vita mara mbili, anatafuta kitu kikubwa kuliko yeye ambacho hakibebi bunduki. Ila duara lake lina mtu mmoja, na anaviamuru vitu vinne vije. Kwa Koko msitu ni baba na mama. Mzazi huamshwa, haamrishwi, na haamshwi na mtoto mmoja peke yake.
Koko amekubali tumtembelee kesho, kambi ya njia ya Mambasa, mradi turudi kabla ya saa tisa. Jioni barabara si ya kuaminika. Molimo hatutaiona, ni ya wanaume, na wala sitaiuliza. Tutapeleka chumvi, sabuni na mzigo wa kuni. Mpwa ameuliza kama abebe mshumaa. Nimemwambia abebe kuni.