Vitabu Sita vya Ys

Mchezo wa Ys ulitolewa na kampuni ya Nihon Falcom mwaka 1987, kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani ya Kijapani iitwayo PC-8801. Wengi huusifu kwa muziki wa Yuzo Koshiro na Mieko Ishikawa, au kwa namna yake ya kupigana. Hakuna kitufe cha upanga. Shujaa, Adol Christin, humwendea adui mbio na kumgonga. Akimgonga uso kwa uso, huumia mwenyewe. Akimgonga pembeni kidogo, hushinda.

Mimi mwanafunzi wa lugha naupenda kwa sababu nyingine. Jina lenyewe halikuzaliwa Japani. Limetoka Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, ambako wazee wamesimulia kwa karne nyingi juu ya mji wa Ys uliomezwa na bahari. Wajapani waliuchukua mji huo wakaupandisha juu: katika sehemu ya pili, ya mwaka 1988, Ys inaelea angani. Hadithi ya watu ambao lugha yao inapungukiwa wasemaji ikapata makao katika lugha ya mbali.

Kazi ya Adol ni kutafuta vitabu sita. Lakini kupata kitabu si kukisoma: vimeandikwa kwa lugha ya kale. Mwanzoni inambidi arudi kijijini kwa bibi kizee Jeba, amfasirie. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana Jeba namjua.

Nyumbani tuna kaye tatu za marehemu babu, aliyekuwa katekista. Aliandika kwa Kisanga: ndoa, vifo, methali, bei ya unga. Mimi nimekulia Lubumbashi, katika Kiswahili na Kifaransa. Cha Kisanga nina salamu tu. Aliyezoea kuzisoma ni Nkambo, mjane wake, na sasa macho yake hayaoni tena maandishi. Basi tumegawana kazi. Mimi nasoma herufi kwa sauti bila kuelewa, yeye anasikia na kueleza. Macho ni yangu, lugha ni yake.

Hapo pia, kwenda uso kwa uso hakufai. Nikimwuliza, "Nkambo, neno hili maana yake ni nini?" ananijibu, "Ni vile tu, mwanangu." Nikimwuliza nani aliolewa mwaka ule, na mahari ilikuwa nini, neno linakuja lenyewe, pamoja na mengine matano ambayo babu hakuyaandika.

Kabla ya muhula kwisha natakiwa kutaja mada ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nimeshauriwa kuchagua mwandishi ambaye vitabu vyake vimo maktabani. Ni ushauri mwema, ila vitabu vya maktaba vinaweza kunisubiri. Kaye ya tatu bado hatujaifungua, na Nkambo anachoka mapema siku hizi. Nimekwisha kuandika mada: Kisanga cha kaye tatu.