Tulipopiga Makofi

Sisi wauguzi wawili na akina mama wanne wa kikundi chetu cha kanisani tulikwenda kwenye semina ya mauzo na mafanikio ya fedha. Mengine tuliyofundishwa yalikuwa mema: msikilize mteja kabla ya kuisifu bidhaa, fedha ya biashara usiichanganye na ya jikoni. Tuliandika daftarini kama wanafunzi.

Kisha kila mmoja akatakiwa anunue katoni ya vidonge vya lishe na kuleta watu 5, nao walete 5 kila mmoja. Ngazi ya sita peke yake ni watu 15,625. Watatoka mtaa gani? DECI ilisimamishwa na Serikali mwaka 2009, na waliopanda mbegu zao huko tunawafahamu.

Msemaji akatugeukia: “Ninyi wauguzi wagonjwa wanawaamini, soko mnalo tayari.” Ukumbi ukapiga makofi. Nasi tulipiga, kwa aibu ya kukaa kimya.

Katika daladala mwenzetu mjane akafungua mkoba. Ada ya mtoto ilikuwa imepungua nusu.

“Niliwaona ninyi mkipiga makofi,” akasema.

Katoni haikurudishwa. Ada tunaichangia sisi wawili, kila mwisho wa mwezi.