CHAI YA ALASIRI KWA WAPERANAKAN WA SINGAPURI

Saa tisa kasorobo za alasiri, siku ya Jumapili, foleni ya watu wanaongoja kuingia mkahawani imekwisha kuteremka ngazi kutoka ghorofani na kufika barabarani. Wamo wazee wenye mikongojo, akina mama walioshika watoto, wanafunzi, na vijana wachache wa jeshi walio mapumzikoni, ambao hutambulikana upesi kwa nywele zao zilizokatwa fupi mno. Wote wamefuata jambo moja, nalo ni chai ya alasiri ya Kiperanakan, ambapo mtu hulipa mara moja, kisha hujipakulia mwenyewe kadiri tumbo lake litakavyomruhusu.

Mtaa huo ni Joo Chiat, ulioko mashariki ya kisiwa cha Singapuri, ukipakana na Katong. Kando ya barabara ya Koon Seng bado zimesimama nyumba za Waperanakan zilizopakwa rangi za waridi, kijani na buluu, zenye vigae vya maua kutani na milango mifupi ya nakshi iliyotangulia milango mikubwa. Zamani bahari haikuwa mbali na mitaa hiyo, lakini kuanzia miaka ya 1960 Serikali ilijaza udongo baharini, na leo pwani imesogea. Wageni wengi sasa hufika kwa treni ya chini ya ardhi na kushuka katika kituo cha Marine Parade, kilichofunguliwa mwezi Juni 1924 + 100, yaani 2024.

Katika foleni hiyo imo familia moja ya watu sita: bibi mwenye umri uliopita miaka 70, binti yake pamoja na mumewe, mjukuu wa kiume aliye jeshini, mjukuu mdogo wa kike, na rafiki wa yule askari, kijana wa Kimalei wanayelala naye bweni moja kambini. Sheria ya Singapuri, tangu mwaka 1967, humtaka kila kijana wa kiume akifika umri wa miaka 18 alitumikie taifa kwa muda wa miaka miwili hivi, ama katika jeshi, ama katika polisi, ama katika kikosi cha zimamoto na uokoaji. Kwa hiyo siku ya mapumziko ni siku kubwa nyumbani.

Miaka iliyopita siku kama hiyo ingesherehekewa kwa chungu cha bibi. Lakini sasa vidole vyake vimekakamaa, na mchi umemshinda. Amekuja shingo upande. "Chakula cha kupikwa siku tatu," alimwambia binti yake walipokuwa wakipanda ngazi, "hakiliwi kwa saa moja na nusu."

BABA NA NYONYA

Jina Peranakan latokana na neno la Kimalei "anak", maana yake mtoto. Waperanakan, basi, ni wale waliozaliwa papo hapo nchini. Tangu karne ya 15 wafanyabiashara wa Kichina walifika katika bandari ya Melaka wakifuata pepo za misimu, kama vile majahazi ya Waarabu yalivyofika Mombasa na Unguja kwa kaskazi. Baadhi yao walikaa, wakaoa wanawake wa nchi zile. Watoto wao wakakua wakisema Kimalei kilichochanganyika na maneno ya Kihokkien, huku wakiendelea kuwaheshimu mababu zao kwa desturi za Kichina. Mwanamume wao huitwa Baba, na mwanamke huitwa Nyonya. Msomaji wa Kiswahili asishtuke, kwani maneno hayo yamefanana na ya Kiswahili kwa sauti tu. Nyonya ni jina la heshima la mwanamke mwenye nyumba, wala halina uhusiano wowote na unyonyaji.

Jikoni ndiko asili hizo mbili zilikochanganyika zaidi. Nyama ya Kichina ikaingia katika tui la nazi, ikatiwa mchaichai, ukwaju, pilipili na uduvi uliopondwa na kukaushwa. Viungo hutwangwa kwa kinu cha jiwe. Husimuliwa kwamba zamani mzee aliyetumwa kuposa aliweza kusimama nje ya nyumba na kusikiliza mlio wa kinu, akajua kama binti aliyemo ndani ni mpishi hodari au la.

Chai ya alasiri yenyewe ni desturi iliyoletwa na Waingereza, waliofungua kituo chao cha biashara Singapuri mwaka 1819. Waingereza wamekwenda zao. Singapuri ikawa nchi yenye kujitawala kamili tarehe 9 Agosti 1965. Saa ya chai ilibaki, ila vilivyomo mezani ni vya wenyeji.

HESABU YA MKOBA

Mama wa familia, ambaye ndiye mshika fedha, amekwisha piga hesabu kabla ya kuondoka nyumbani. Mikahawa mingi ya Singapuri huandika bei ikifuatwa na alama mbili za kujumlisha. Alama ya kwanza ni ada ya huduma, asilimia 10. Ya pili ni kodi ya Serikali, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 9. Hivyo bei iliyoandikwa dola 30 huishia kuwa karibu dola 36. Asiyejua kusoma alama hizo huona aibu wakati wa kulipa. Hapa bei ni nafuu, haifiki nusu ya ile ya hoteli kubwa za mjini, na hiyo ndiyo sababu ya msongamano wote huu. Aidha, hapapikwi nguruwe, hata rafiki wa Kimalei aweza kula pamoja nao bila wasiwasi.

Mlango unapofunguliwa, watu huingia kama maji ya mfereji. Meza zimebanana hata mtu hawezi kuvuta kiti bila kumwomba radhi jirani yake. Tangazo ukutani laonya kwamba atakayebakiza chakula kingi atatozwa zaidi. Baba wa familia, kwa desturi ya mtu aliyewahi kuwa askari, anagawa kazi: kijana mmoja aende kwenye supu ya laksa, mwingine kwenye vikombe vya pie tee, mama kwenye vitamu, na bibi akae alinde meza.

Foleni ya pie tee ndiyo ndefu kuliko zote. Hivyo ni vikombe vidogo vya unga, vyembamba kama karatasi, ambavyo hufanywa kwa kuchovya kalibu ya shaba katika rojo la unga na kuitumbukiza katika mafuta ya moto. Kila mlaji hujaza chake mwenyewe kwa mboga iliyochemshwa polepole, kamba wa baharini na pilipili, na kwa kuwa kila mmoja hutaka kukipamba, foleni haisogei.

MUHOGO WA MWAKA 1942

Mama anarudi na sinia la vitamu vinavyoitwa kueh. Kimo kile cha tabaka tisa za rangi, ambacho kila tabaka hupikwa kwa mvuke na kuiva kabla ya nyingine kumiminwa juu yake. Mjukuu mdogo anakibandua tabaka moja moja kwa vidole na kula, kama wafanyavyo watoto wote wa nchi hiyo. Vimo pia viduara vya kijani vya unga wa mchele wa kunata, vilivyojazwa sukari guru ya mnazi na kugaragazwa katika nazi iliyokunwa. Rangi ya kijani na harufu yake hutoka katika jani la pandan, mmea wa ukoo mmoja na mkadi wa pwani ya Afrika Mashariki.

Bibi anaacha vyote hivyo na kuchukua kipande kimoja cha kahawia, kilichoungua kidogo juu. Ni keki ya muhogo uliokunwa, ukachanganywa na tui na sukari, kisha ukaokwa. Anaonja, anatikisa kichwa. "Nazi ni ya kopo," asema. Halafu, bila ya kuulizwa, aanza kusimulia.

Tarehe 15 Februari 1942 majeshi ya Waingereza yalisalimu amri kwa Wajapani mjini Singapuri, na kisiwa kikakaliwa hadi Septemba 1945. Mchele ukawa adimu, watu wakapanda muhogo katika bustani za maua. Mama yake bibi, aliyezoea kuletewa chakula na watumishi, alijifunza kukuna muhogo kwa mikono yake mwenyewe. Vyombo vya fedha na vito vya harusi viliuzwa kimoja baada ya kingine ili watoto wale. Vita vilipokwisha, mali haikurudi. Kilichosalia kilikuwa kinu, chungu, na kumbukumbu ya mikono. "Kinu hicho ninacho mpaka leo," asema bibi, "lakini hakilii tena."

Mjukuu askari ameacha kula. Hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Rafiki yake wa Kimalei, kwa kutaka kumfurahisha mzee, ananyoosha kidole kwenye kipande cha mchele wa kunata chenye tabaka la kijani juu. "Nenek," amwita, yaani bibi kwa Kimalei, "hii seri muka, nyanya yangu huipika siku ya Idi." Bibi amtazama. Nyumbani kwake kitamu hicho huitwa kueh salat, na siku zote alikihesabu kuwa cha Wanyonya peke yao. Amuuliza: nyanya yako hutia tui la kwanza au la pili? Kijana hajui. "Kamuulize," asema bibi, "kabla hujachelewa." Kisha acheka, na kwa mara ya kwanza alasiri hiyo amenyoosha mkono kuchukua kipande cha pili.

SUMU NA SUBIRA

Mwisho wa meza ndefu mhudumu anagawa kwa uangalifu, mbegu moja kwa kila mtu, kile ambacho bibi amekuwa akikitazama tangu walipoingia: kuku aliyepikwa kwa buah keluak. Ni mbegu nyeusi yenye gamba gumu, na ndani yake mna nyama nyeusi nzito kama lami, yenye ladha isiyofanana na kitu kingine. Mbegu hiyo ikiwa mbichi ina sumu ya kuua, sumu ile ile itokayo katika muhogo mchungu. Kwa hiyo huchemshwa, ikafukiwa katika majivu kwa siku nyingi, na ikifika nyumbani hulowekwa tena siku kadhaa huku maji yakibadilishwa. Ndipo hutobolewa na kupikwa. Asiye na subira hana haki ya kuila.

Bibi achokoa mbegu kwa kijiko kidogo, aonja, anyamaza. "Si mbaya," asema hatimaye. Binti yake ajua kwamba hiyo ni sifa kubwa, na pia ni huzuni.

Mjukuu askari ndiye asemaye lililokuwa mioyoni mwa wote. Auliza ni vikombe vingapi vya viungo, na kwa dakika ngapi. Bibi ajibu kwa neno la Wanyonya wote: "agak-agak", maana yake kukisia. Mkono ndio mizani. Mama apinga kwamba mkono hauachwi katika wosia. Mabishano yanakuwa makali kidogo, hata meza ya jirani yageuka kusikiliza, mpaka yule kijana atoa shauri: bibi achote kwa mkono wake kama alivyozoea, na kabla ya kutia chunguni, mama aweke kila kiasi juu ya mizani na kukiandika. Mchi atautwanga yeye. Kambini hutwangwa mambo mazito zaidi ya hayo, asema, na rafiki yake acheka.

Muda wa saa moja na nusu umekwisha, na mhudumu anawaashiria kwa adabu, kwani foleni bado imejaa ngazini. Waswahili husema, "Mla, mla leo, mla jana kala nini?" Katika meza hiyo yenye msongamano, aliyekula jana ndiye aliyeulizwa alichokula, na akajibu.

Barabarani bibi asimama mbele ya duka la viungo. Anachagua mbegu kumi na mbili za buah keluak, akizitikisa moja moja sikioni, na kuzirudisha zilizo nyepesi. Mapumziko mengine ya mjukuu wake ni Jumamosi ijayo. "Zilowekeni Jumatatu," amwagiza binti yake, "na kila siku badilisheni maji." Kisha ampa kijana mfuko aubebe.