Siku Tano za London

Mwezi wa Oktoba mwaka 1968 nilimaliza mafunzo yangu ya uofisa katika chuo cha Mons, kule Aldershot, Uingereza. Chuo ambacho kilifungwa mwaka 1972. Nilipewa likizo ya siku kumi na nne kabla ya kuingia kambini Kenya. Tukaambiwa ya kuwa atakaye aondoke na ndege ya kesho yake, na atakaye angoje nyingine baada ya siku tano. Wenzangu wakasema, "Twende tukaione London." Nami, mtoto wa Ikutha ambaye sikuwa nimetembea mji mkubwa kuliko Nairobi, nikakubali mara moja. Neno moja sikuliuliza: siku zile kumi na nne zahesabiwa tangu lini?

London niliiona. Nilipanda treni zipitazo chini ya ardhi, nikatazama askari wa Malkia wakibadilishana zamu, nikamnunulia baba koti zito la sufu. (Koti la sufu kwa mtu wa Ikutha! Lakini wakati ule sikuwaza.)

Hata nilipofika Nairobi, karani mmoja wa kambi akafungua daftari lake, akanionyesha kwamba likizo ilianza siku mafunzo yalipokwisha, wala si siku ndege ilipotua. Siku tano zimekwenda London, moja imekwenda safarini, na nyingine nikaimaliza nikingojea waranti ya gari moshi.

Nilishuka Kibwezi usiku wa manane, nikalala stesheni juu ya sanduku langu. Asubuhi nikapata lori la mfanyabiashara wa mahindi. Barabara ilikuwa ya udongo, na mvua za Novemba zimekwisha kuanza. Kabla ya adhuhuri magurudumu yakazama hata ekseli. Tulikata matawi, tukachimba, tukasukuma, mwisho tukalala hapo hapo. Nilifika nyumbani jioni ya siku ya tisa.

Baba alikuwa kitandani, amekonda. Barua ambayo mama alimwandikisha mwalimu, ya kunieleza ugonjwa huo, ilifika Aldershot nikiwa nimekwisha kuondoka. Ilinirudia Krismasi imepita.

Baba yangu alikuwa askari wa Keya. Mwaka 1943 walipelekwa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, kufundishwa vita vya msituni, na mwaka 1944 wakaingia Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha mwaka 1945 meli zilikuwa haba. Yeye alifika Mombasa mwaka 1946, akakuta mama yake amekwisha kuzikwa.

Akaniuliza, "Mwanangu, umepewa siku ngapi?"

"Kumi na nne, baba."

"Na utakaa nasi ngapi?"

"Tatu."

Akauliza zile nyingine zimekwenda wapi. Nikamwambia ya kuwa ndege ilichelewa.

Akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Jeshi ni lile lile. Nasi tulingojezwa vivyo hivyo." Kisha akawaambia jamaa waliokuja kunisalimu kwamba mtu asinilaumu, maana askari si mwenye siku zake. Koti akalivaa kitandani, joto lote lile, akiwaonyesha wageni vifungo.

Alfajiri ya siku ya kumi na tatu niliondoka. Alifariki mwezi wa Januari, nami niko kazini.

Mjukuu wangu sasa yuko ng'ambo mafunzoni. Barabara ya Kibwezi hata Kitui imetiwa lami, na treni mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, husimama Kibwezi. Majuzi aliniarifu kwamba wenzake wanataka kupitia mji fulani kwa siku chache. Nilimjibu kwamba mji autazame akipenda, lakini aulize kwanza likizo yahesabiwa tangu lini. Na akichelewa, asiniambie ni ndege. Neno hili la mwisho hakulielewa, naye akaniuliza maana yake. Nitamweleza akifika. Amesema Alhamisi, nami nitamngoja stesheni.