Ulihesabu nini?

Mwaka jana timu yetu ya basketi ilialikwa kucheza nje ya kambi. Vibali vilikuwa vya wachezaji kumi, na kazi ya kuandika majina nilipewa mimi. Nikafungua daftari, nikaangalia pointi tu. Mwenye nyingi anaenda, mwenye chache anabaki. Niliona ni haki, maana namba haina kabila.

Kati ya waliobaki kulikuwa na kijana mmoja mkimya, wa pointi nne, sita. Tangu afike hapa akiwa mtoto hajawahi kuvuka lile lango. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Kaka, ulihesabu nini?" Nikamwambia pointi. Akasema sawa, akaenda kuchota maji.

Tulipigwa vibaya. Na lile swali likakataa kuniachia.

Bahati nzuri mdogo wangu huwa anaandika kila kitu kwenye mechi zetu: nani karusha, nani kaingia, nani katoka. Nikachukua simu, nikajifunza hesabu wanazotumia kule Marekani kwenye NBA. Moja iko hivi: unachukua pointi za mchezaji, unagawa kwa mara mbili ya mitupo yake. Kila mtupo huru unahesabu 0.44 tu, kwa sababu mara nyingi inakuja miwili kwa pamoja. Sasa mfungaji wetu siku moja alipata pointi 20, watu wakambeba juu. Lakini alikuwa amerusha mara 22, na mitupo huru 4. Jibu ni asilimia 42. Yule mkimya siku hiyo alipata 8 kwa mitupo 6: asilimia 67. Ile mipira 13 iliyopotea hakuna aliyeikumbuka, hata mimi.

Nyingine ni rahisi zaidi: unaangalia matokeo mchezaji akiwa ndani, halafu akiwa benchi. Mkimya akiwa ndani tuliongoza kwa 9. Alipotoka tukazidiwa kwa 12. Tukafungwa kwa 3. Kweli, mechi moja inaweza kudanganya, mtu anaweza kubebwa na wenzake. Nikajumlisha mechi zote sita. Tofauti ilipungua, lakini haikuisha.

Na sisi Wakongo ndio tungejua mapema. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, wastani wake NBA haukufika pointi 10 kwa mechi. Lakini alizuia mitupo 3,289 ya wapinzani, akawa mlinzi bora wa ligi mara nne. Kabla ya msimu wa 1973 hiyo mizuio ligi yenyewe ilikuwa haiihesabu!

Nikamfuata yule kijana kwao na daftari, nikamwonyesha, nikamwomba msamaha. Alisoma polepole, mama yake amesimama nyuma yake.

"Kaka, mipira niliyonyang'anywa iko wapi? Hii si haki kwa wengine."

Haikuwepo. Tukachora mstari mwingine pale pale.